Redio koli inapiga mluzi ndani ya Land Cruiser, na nikibonyeza maiki mshale wa mafuta unaanguka. Tatizo redio, altaneta au paa?

#1 Vumbi la Naabi
Wakuu, salaam. Wenye kujua umeme wa magari na simu za upepo naomba msaada.

Gari ni Land Cruiser ya utalii, injini 1HZ, imerefushwa na kuwekewa paa la kuinua. Redio ni VHF (ya masafa ya juu sana) ya wati 50. Kwenye gari la zamani haikuwahi kusumbua. Tangu ihamie huku ina vituko vitatu. Kwanza, nikiongea wenzangu wanasikia mluzi mwembamba nyuma ya sauti yangu, nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Pili, nikibonyeza maiki mshale wa mafuta unaanguka hadi robo wakati tanki limejaa, nikiachia unarudi. Tatu, usiku nikiwasha taa za LED za kwenye bampa, redio inafunguka yenyewe inatoa "shhhh" mfululizo na ofisi siisikii tena.

Fundi aliyefunga anasema redio imechoka, ninunue nyingine. Sikubaliani naye. Nina wageni wa Ndutu hivi karibuni na sitaki kukwama kwenye tope bila mawasiliano. Nani anajua hii kitu?

#2 Kipanga
Nunua tu mpya mkuu, unajitesa.

#3 Fundi wa Unga Ltd
Kipanga, redio mpya ikifungwa vilevile italia vilevile.

Mleta mada, una magonjwa matatu, usitafute dawa moja. Mluzi unaofuata mzunguko wa injini ni wa altaneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka), na unaingia kwa njia ya waya wa umeme. Swali langu: umeme wa redio umetolewa wapi? Kama fundi amechomoa nyuma ya kiberiti cha sigara au kwenye swichi ya funguo, majibu tayari unayo. Vuta nyaya mbili, chanya na hasi, kutoka kwenye betri hadi kwenye redio bila kupita popote. Waya mnene, milimita za mraba 6, maana redio ya wati 50 ikiongea inakula ampea 10 na zaidi. Fyuzi ziwe mbili, moja kila waya, karibu kabisa na betri.

Watu huniuliza fyuzi ya hasi ya nini. Siku mkanda wa ethi wa injini (unaounganisha injini na hasi ya betri) ukikatika, umeme wa stata utatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na itakuwa ule waya wako wa redio, ambao kwa stata ni mwembamba. Utaona moshi ndani ya dashibodi.

#4 Simba wa Voi
Hiyo 1HZ ni diseli, haina plagi. Bila plagi hakuna cheche, bila cheche hakuna kelele ya injini. Kwa hivyo redio ndiyo mbovu. Gari yako haina makosa.

#5 Dada Usukani
Simba wa Voi, plagi si mwizi pekee mjini. Kelele ya plagi ni ta-ta-ta inayokwenda na injini, na hiyo kweli diseli haina. Lakini altaneta ipo kwenye diseli, mota ya waipa ipo, feni ya AC ipo, kidude cha kukata mafuta kipo. Na kwa diseli za kisasa za komoni reli, sindano zinapigwa kwa volti nyingi sana na zinapiga kelele kwenye redio kuliko petroli nyingi.

Halafu kwenye 1HZ kuna jambo watu hulisahau. Pampu ya vakyumu imefungwa mgongoni mwa altaneta. Sili ikichoka, oili inaingia ndani na kuloanisha brashi. Brashi zenye oili na kaboni zinacheza, na hapo cheche zinapatikana bila plagi hata moja. Mleta mada aangalie nyuma ya altaneta kama kuna unyevu mweusi.

#6 Simba wa Voi
Hiyo ya vakyumu nimeikubali. Lakini nasimama na redio.

#7 Omu Hamsini
Kabla ya kununua chochote, pima. Hivi ndivyo ninavyotenganisha mambo.

Kelele unayoisikia wewe ukipokea: chomoa kebo ya antena huku unasikiliza. Kelele ikikata, ilikuwa inaingia kwa antena, yaani iko hewani (taa za LED nazishuku hapa). Ikibaki, imepita kwenye nyaya za umeme.

Mluzi wanaousikia wenzako: lisha redio kwa betri ya pembeni, hata ya pikipiki au ya sola, isiyogusana na umeme wa gari. Ongea kwa nguvu ndogo. Mluzi ukiisha, umeme wa gari ndio mchafu.

Mshale wa mafuta: azima mzigo bandia wa omu 50 (kifaa kinachomeza nguvu ya redio bila kuirusha hewani), ufunge mahali pa antena, bonyeza. Mshale ukitulia, basi ni mawimbi ya antena yako yanaingia kwenye nyaya za geji. Ukiendelea kuanguka, ni volti inayoshuka au ethi mbovu.

Na pima kirudi cha antena, yaani nguvu inayokataliwa na antena na kurudi kwenye redio, kwa mita ya SWR. Ikisoma 1.5, asilimia 4 tu ya nguvu ndiyo inarudi. Ikisoma 3, robo nzima inarudi, na hiyo inaweza kuwa dalili kwamba mkondo unatembea juu ya ganda la kebo hadi ndani ya gari.

#8 Mtoto wa Mto wa Mbu
Mzigo bandia wa nini, atoe tu antena abonyeze kidogo. Sekunde mbili haziui.

#9 Omu Hamsini
Zinaua. Transista ya mwisho ya wati 50 ikikosa pa kupeleka nguvu inaweza kwenda ndani ya muda huohuo. Redio nyingi zina kinga, nyingine kinga yake imeshakufa na mwenyewe hajui. Kuchomoa antena ni kwa kusikiliza PEKEE. Tafadhali mtu asisome #8 akaenda kujaribu.

#10 Mzee wa Signali
Vijana, nimekaa na redio za magari ujana wangu wote jeshini. Hakuna aliyeuliza antena imekaa wapi. Vumbi, antena yako iko wapi, na ina urefu gani?

#11 Vumbi la Naabi
Shukrani wote. Majibu: umeme umechukuliwa nyuma ya kiberiti cha sigara, Fundi umepatia. Antena iko juu ya lile paa linaloinuka, katikati. Urefu kama nusu mita. Kuna mtu kaniambia kwa masafa yetu ya megahezi 150 na kitu inatakiwa mita moja, kwa hiyo imekatwa vibaya?

Nilisahau kusema: gari lina friji, inveta ya kuchajia kamera za wageni, na chaja za USB kila kiti.

#12 Dada Usukani
Kila kiti!! Umeweka mitambo ya kelele kila kiti halafu unauliza kelele inatoka wapi, kaka.

#13 Omu Hamsini
Urefu wake ni sahihi. Mwendo wa mwanga ni kilomita 300,000 kwa sekunde, gawanya kwa megahezi 150 unapata wimbi la mita 2. Robo yake ni sentimita 50, ukikata unapunguza kidogo, inabaki kama 48. Mita moja ni nusu wimbi, na nusu wimbi ukiilisha chini moja kwa moja bila koili redio itakataa. Zile ndefu unazoziona za mita 1.2 ni za tano ya nane ya wimbi, zina koili kwenye kitako. Usiongeze chuma chochote.

#14 Mzee wa Signali
Juu ya paa linaloinuka. Nilijua.

Antena ya robo wimbi ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati lililo chini yake. Sasa paa lako limekalia mpira ili maji yasiingie, na limeshikwa na miguu yenye rangi na grisi. Halijagusana na bodi kwa maana ya umeme. Kwa hiyo mkondo unaotakiwa kurudi kupitia bati unarudi kwa njia iliyopo, yaani ganda la kebo ya antena, linaloshuka kwenye nguzo pamoja na nyaya za taa na za geji. Mshale wako wa mafuta unaangushwa na mkondo huo. Funga mkanda wa shaba iliyosukwa kutoka paa hadi bodi, upande wa bawaba, kwaruza rangi mpaka chuma king'ae, paka grisi baada ya kukaza.

#15 Omu Hamsini
Mzee, shikamoo. Nakubaliana na utambuzi wako, dawa naipinga kidogo. Paa likiinuliwa linakwenda juu sentimita 50 au 60, mkanda lazima uwe na urefu huo. Kwa megahezi 150 hiyo ni robo wimbi au zaidi. Mkanda wa robo wimbi, mita ya omu itakuonyesha sifuri, lakini kwa mawimbi ya redio unakuwa kama ukuta. Labda afunge mikanda mifupi mingi inayogusa paa likishushwa. Au ahamishe antena iende juu ya bati la dereva lisiloinuka.

#16 Mzee wa Signali
Marahaba. Mkanda mmoja ulitosha kwenye magari yetu.

#17 Omu Hamsini
Yale ya masafa ya chini, megahezi 30 hadi 76? Huko wimbi ni refu, mkanda wa nusu mita ni mfupi kwake. Huku VHF ya juu si mfupi.

#18 Kivu HF
Jambo bandugu. Siye huku Goma tuko na HF (redio za masafa ya chini kuliko VHF) za wati 125 mu magari ya misaada, na pale mambo ni makali zaidi, maana HF inasikia kila kitu. Kazi ya kwanza tunayofanya kwa gari jipya ni kuunganisha vipande vyote: boneti kwa bodi, milango, bomba la moshi kwa chesisi, bodi kwa chesisi, injini kwa chesisi. Bomba la moshi limening'inia kwenye mipira, linatoka injini linapita chini ya gari lote, ni antena ya bure ya kurusha kelele. Tuliwahi kuwa na gari ambalo kelele ilikuwa inakuja tu kwenye mawe. Ilikuwa ni boneti, bawaba yake ilikuwa na kutu inashika inaachia.

Vumbi, barabara yenu ya Naabi, lango la Serengeti, ina rasta (matuta madogo ya mfululizo), si kweli? Rasta inalegeza kila bolti ya ethi.

#19 Vumbi la Naabi
Rasta ile inalegeza hadi meno.

#20 Dada Usukani
Nirudi kwenye chaja. Chaja ya USB inashusha volti 12 kuwa 5 kwa kukata umeme maelfu mengi ya mara kwa sekunde. Zile nzuri zina koili na kapasita za kuzuia huo ukataji usitoke nje. Zile za bei ya chini wamezitoa ili kupunguza gharama. Taa zako za LED ni mchezo huohuo, ila zina wati nyingi zaidi na ziko umbali mfupi kutoka kwenye antena.

Ninavyowinda: nachukua redio ndogo ya transista, naiweka bendi ya MW (mawimbi ya kati) mahali pasipo na kituo, nazunguka nayo ndani ya gari kama mtu anayetafuta pete. Ikisogea karibu na mkosaji inanguruma. Halafu injini ikiwaka naanza kuchomoa fyuzi moja moja, mwenzangu anasikiliza. Gari moja tulilolipeleka Lobo, kaskazini mwa Serengeti, lilikuwa kimya kabisa mpaka mgeni achomeke kamera yake. Chaja tupu haikulia, chaja yenye mzigo ndiyo iliyolia. Kwa hiyo mleta mada pima huku simu zimechomekwa, la sivyo utadanganyika.

#21 Kipanga
Wakati mnazungusha transista, sisi tunatuma lokesheni ya simba kwa WhatsApp.

#22 Dada Usukani
Tuma ukiwa nyuma ya Lobo tuone.

#23 Mtoto wa Mto wa Mbu
Kipanga, mtandao ukiwepo kila mtu ni fundi. Redio moja ukibonyeza magari yote ya kampuni yanasikia kwa pamoja kwamba daraja limekatika. Simu utapiga moja moja. Ila mkumbuke leseni ya masafa ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania), siyo kila mtu anajipachikia namba anayotaka. Kuna watu wanaongea kwenye masafa ya wenzao halafu wanaita muingiliano.

#24 Ghuba Boy
Asalaam alaykum. Mimi niko Muscat, kwetu Unguja. Sie huku wenye magari ya mchangani tunafunga VHF takriban kila gari, na huo mshale kuanguka tumeuona sana. Dawa yetu ni feraiti. Zile pete za kijivu za kubana, aina ya 43 kwa VHF, aina ya 31 kama unataka na HF. Weka kwenye kebo ya antena karibu na redio, kwenye waya wa umeme wa redio, na kwenye waya wa geji unapoingia kwenye dashibodi. Ukiweza kuuzungusha waya ndani ya pete mara mbili tatu ni bora, kwani kizuizi kinakua kwa mraba wa mizunguko, mizunguko mitatu ni mara tisa.

Kwa faida ya Mzee wa Signali: marhumu Sultan Qaboos wa Oman mwenyewe alikuwa mtu wa redio, alama yake ya wito A41AA. Huku chama cha redio kipo tangu 1972.

#25 Mzee wa Signali
Ahsante kwa hilo. Na Unguja ilikuwa na herufi zake za mwanzo wa alama ya wito, VQ1. Tanganyika VQ3, Kenya VQ4, Uganda VQ5. Baadaye ndipo tukapata 5H, wenzetu wa Kenya 5Z na Uganda 5X.

#26 Simba wa Voi
Na 5Z4 mpaka leo tuko hewani. Wakongo ni 9Q, Kivu HF unajua?

#27 Kivu HF
Najua. Burundi 9U, Rwanda 9X. Lakini tusikimbie mada ya Vumbi.

#28 Fundi wa Unga Ltd
Ghuba Boy, feraiti ni plasta. Kidonda kisafishwe kwanza. Umeme wa kiberiti cha sigara, ampea 10 zinapita kwenye waya mwembamba wa kiwandani, volti inashuka kila akibonyeza. Mshale wa mafuta unaanguka kwa sababu hiyo, hakuna maajabu ya mawimbi.

#29 Omu Hamsini
Volti ikishuka, ishuke kwa wote. Mbona mshale wa joto hauanguki, na taa za dashibodi hazififii? Vumbi kasema mshale wa mafuta tu. Geji ya mafuta waya wake unatoka kwenye tanki nyuma, unatembea urefu wa gari zima, na gari limerefushwa. Waya mrefu kuliko wote ndio unaodaka mawimbi.

#30 Fundi wa Unga Ltd
Na aliyerefusha gari aliunga waya huo kwa kitu gani? Kwa mkono na selotepu. Nimeyafungua hayo magari mengi. Ethi ya tanki ikiwa mbovu, mshale unacheza kwa sababu ndogo tu. Kwa hiyo hata kama ni mawimbi, ni mawimbi yaliyokuta mlango wazi.

#31 Dada Usukani
Hapo wote wawili mnasema jambo moja kwa hasira.

#32 Vumbi la Naabi
Wakuu nimerudi. Nimepata siku ya gereji, nimefanya mliyosema.

Nyaya mpya mbili hadi betri, fyuzi mbili. Mluzi umepungua sana ila upo. Nikalisha redio kwa betri ya sola pembeni: bado upo, mdogo. Nikachomoa fyuzi ya chaja za USB huku redio ikiwa kwenye betri ya sola: umekata kabisa. Nikarudisha redio kwenye betri ya gari, chaja zikiwa zimezimwa: mluzi mdogo umerudi.

Mshale wa mafuta: kwa mzigo bandia unatikisika kidogo, hauanguki. Kwa antena, nguvu ya wati 10, umetulia. Kwa wati 50 unaanguka hadi robo. Kwa wati 50 na paa limeinuliwa, unaanguka hadi nusu tu! SWR paa likiwa chini 1.8, likiwa juu 2.4.

Taa za LED: nikichomoa antena kelele inakata. Nyuma ya altaneta kuna unyevu mweusi kweli, Dada.

#33 Simba wa Voi
Kwa hivyo hata kwa betri ya pembeni mluzi ulikuwepo. Redio!

#34 Dada Usukani
Simba, redio ileile ikanyamaza chaja zilipozimwa. Redio mbovu haijui chaja ya kiti cha nyuma.

#35 Omu Hamsini
Matokeo yanapendeza lakini yananichanganya. Paa likiinuka SWR inapanda, maana yake nguvu nyingi zaidi inarudi, ningetegemea mshale uanguke zaidi. Umeanguka kidogo. Nadhani ni umbali: antena imekwenda juu nusu mita, imekaa mbali na nyaya za nguzo.

#36 Mzee wa Signali
Au paa likiinuka kebo inanyooka. Likishuka, kebo inajikunja ndani ya nguzo na kulala juu ya waya wa geji. Fungua kifuniko cha nguzo uangalie zinavyolala, kabla ya kufanya hesabu.

#37 Fundi wa Unga Ltd
Mluzi uliobaki kwenye betri ya gari ni altaneta, ameshasema ina oili. Pima volti za AC (umeme wa kwenda na kurudi) juu ya betri, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika na taa zote zimewashwa. Nzima itasoma chini ya 0.1 hivi. Ikifika 0.5, diodi ya altaneta (inayopitisha umeme upande mmoja tu) imekufa.

#38 Ghuba Boy
Angalia mita. Baadhi ya mita za bei rahisi ukiziweka AC juu ya betri zitasoma volti ishirini na kitu, kwani hazizuii DC (umeme wa betri wa upande mmoja). Geuza nyaya za mita, ikisoma sifuri ujue mita inakudanganya. Tia kapasita moja kwenye waya wa mita ndio upime.

#39 Vumbi la Naabi
Kesho asubuhi altaneta inashuka. Chaja za viti nazing'oa, wageni watachaji kwa inveta.

#40 Dada Usukani
Inveta nayo ipime huku redio inasikiliza. Nyingi ni mbaya kuliko chaja.

#41 Coaster ya Babati
Samahani kuingilia. Mimi gari langu ni volti 24, redio ni ya 12. Fundi kachukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili, inafanya kazi vizuri na haina mluzi hata kidogo. Kuna ubaya?

#42 Fundi wa Unga Ltd
Upo. Betri moja inakamuliwa peke yake, nyingine inajazwa kupita kiasi, kwa kuwa altaneta inazichaji kwa pamoja na haijui ipi ina njaa. Utaua zote mbili. Weka kishushio cha 24 kwenda 12.

#43 Omu Hamsini
Kishushio cha ampea 15 au zaidi kwa redio ya wati 50, na usiweke kile cha kukata umeme kwa kasi, kama chaja za USB, cha bei ya chini, maana utahama na wewe kuja kuanzisha uzi wa kelele. Cha aina ya zamani kinapata joto ila kiko kimya.

#44 Fundi wa Unga Ltd
Cha zamani kwa ampea 15 kinatupa nusu ya umeme kama joto, kitachoma plastiki ya dashibodi. Cha kukata kilichofunikwa kwa bati vizuri kinatosha.

#45 Coaster ya Babati
Sasa nimsikilize nani?

#46 Kivu HF
Muko na nafasi chini ya kiti cha dereva? Weka cha zamani pale, penye hewa, mbali na dashibodi.